Nne kwa Kumi, Mwalimu

Jumamosi, 3 Machi 1973

Mvua bado haijanyesha, lakini mimi nimeshaanza kunguruma.

Jina: Muthama wa Mwololo. Umri: wa kutosha. Sura: waulize wasichana wa Kangemi. Makao: chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya tajiri, Lavington, ambako mama yangu Munyiva anapika, anafua na kuwafunga mbwa. Elimu: darasa la saba kasoro wiki moja.

Hiyo wiki moja ndiyo kisa chote. Mwaka jana mkaguzi wa elimu alikuja shuleni kwetu Kinoo. Akasimama mbele ya darasa, tai imemkaba shingo, akauliza, "Haya vijana, wiki hii mmejifunza nini?" Kimya. Mimi sipendi mgeni aaibike, nikainua mkono. "Kukata majani ya ng'ombe wa Mwalimu Tobias, bwana."

Darasa likapasuka. Mkaguzi akakohoa. Mwalimu Tobias, ambaye ndiye mwalimu mkuu na ndiye mwenye ng'ombe, akatabasamu. Mkaguzi alipoondoka, tabasamu nalo likaondoka. Viboko sikuvihesabu. Lakini hicho si kitu, viboko hupoa. Alichofanya ni kulikata jina langu kwenye orodha ya mtihani, wiki moja kabla ya mtihani wenyewe. Wenzangu waliingia chumba cha mtihani, mimi nikabaki nje ya ua nikiwapungia mkono kama mtu anayeaga treni.

Bila mtihani hakuna cheti. Bila cheti, hata kazi ya kufungua lango la tajiri wanakuuliza ulifika wapi. Nataka kuufanya mwaka huu. Majina yanafungwa mwisho wa Mei, na wa kuliandika jina langu ni mtu mmoja tu. Tobias.

"Mwandikie barua ya heshima," mama akasema jioni hii akimenya viazi.

"Mwaitu, afadhali nimwandikie ng'ombe wake."

"Basi mwandikie ng'ombe. Lakini heshima iwemo."

Nitaandika. Nitapata jina langu, halafu nitamlipa. Kwa kufuatana hivyo hivyo, jina kwanza.

Jumatano, 7 Machi

Kwa sasa nafanya kazi kwa Mzee Athman, mtu wa Lamu, anayeuza vitambaa na kofia Mtaa wa Biashara. Mimi ni mkono wake, mguu wake na, nikisema kweli, ulimi wake, maana wateja wengine huja kunisikiliza mimi tu. Mzee huwaandikia watu barua pia, kwa mashine yake ya chapa iliyokaa juu ya marobota. Leo nimemwonyesha barua yangu. Ilianza hivi: "Kwa Mwalimu Tobias. Natumaini ng'ombe hawajambo na wanakula vizuri bila mimi."

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, barua hii imeingia nyumba ya mtu na viatu vya matope."

"Ni kweli tupu, Mzee."

"Sikusema si kweli. Barua ni mgeni. Mgeni hubisha hodi, akakaribishwa, akasalimu wakubwa kwa wadogo, akanywa maji, ndipo akasema lililomleta. Hii yako imeruka ukuta."

"Hata kwa mtu mbaya?"

"Hasa kwa mtu mbaya! Mtu mwema utamwomba hata kwa mluzi." Akarudisha miwani, akanitazama juu yake. "Tena nikwambie. Ukimtusi mtu, umempa pa kukushika. Mheshimu kupita kiasi, atapapasa mpaka achoke."

Nilidhani ni maneno ya mzee wa tasbihi. Kumbe huyu mzee ni hatari.

Ijumaa, 9 Machi

Barua mpya imeondoka, anwani ya kujibia ni duka la Mzee. Nimemsalimu Tobias, mkewe, watoto, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Nimemwita "mlezi wangu mtukufu". Mkono ulitaka kukauka. Mwandiko wangu lakini! Umelala kama nyasi za Lavington zilizokatwa jana.

Jumanne, 13 Machi

Hakuna jibu. Mvua imeanza.

Jumatatu, 19 Machi

Hakuna jibu. Mvua.

Jumanne, 27 Machi

Hakuna. Bi Khamisa, mke wa Mzee, kaja dukani na sambusa. "Mwalimu wako hajajibu?" Nikamwambia labda anatafuta maneno yanayonitosha. Akacheka mpaka buibui likamvuka kichwani.

Ijumaa, 30 Machi

Leo naandika kwa kukandamiza, na ukurasa ukitoboka basi utoboke.

Kanyiva, binti wa shangazi yangu, yuko darasa la saba kwa Tobias. Amekuja Lavington, kalowa mpaka magotini, akaninyooshea karatasi bila kunitazama usoni. Ilikuwa barua yangu. Barua yangu mwenyewe! Imejaa wino mwekundu kama kuku aliyechinjwa vibaya. Mistari huku, alama za kuuliza kule. Na chini kabisa, kwa ule mkono wake wa kujinyoosha: "Heshima nyingi, maana hamna. 4/10. Rudia."

"Alikupa lini?"

"Leo. Baada ya kuisoma."

"Kuisoma wapi?"

Kanyiva akaikamua sweta yake. "Darasani. Alisimama juu ya jukwaa, akasoma kwa sauti yako. Ile unayoongea ukijidai. Alipofika 'mlezi wangu mtukufu' akainama kama anapokea taji. Watu walicheka, Muthama."

"Wewe ulicheka?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hapo pa jirani wa kushoto nilicheka sana."

Nimekaa kitandani naitazama hiyo nne. Kwa kumi! Darasani hata Ndeti, aliyekuwa akiandika kama kuku anayetafuta mchwa, Tobias alimpa alama moja ya mwandiko, kwa kanuni, kila mara. Mimi hata ya mwandiko kaninyima.

Nilibisha hodi. Nikasalimu wakubwa kwa wadogo. Akaniita ndani ili watu wa nyumba yake wanicheke. Sawa, Mwalimu. Nitarudia.

Jumapili, 1 Aprili

Mama anapiga pasi shuka za tajiri, ingawa tajiri na familia yake wamekwenda likizo ng'ambo mpaka katikati ya Juni. Redio imewashwa. Ni kile kipindi cha salamu cha mchana, ambapo mtangazaji husoma kadi za wasikilizaji: fulani wa mahali fulani anawasalimu fulani na fulani, ujumbe wake ni huu. Kila mlango wa Lavington ulio nyuma ya nyumba unasikiliza. Kinoo nako wanasikiliza. Kinoo nzima.

Pasi inanguruma, mvua inanguruma, nami nimelala chali, na wazo likanishukia kama tone la bati linalovuja, pa! katikati ya kipaji cha uso.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimenunua kadi. Redio wanataka anwani kamili, hawasomi kadi ya mtu asiye na kwao. Mimi nina sanduku la posta gani? Ufunguo wa sanduku la tajiri lakini ninao, maana mama hunituma posta kuu kumchukulia barua zake. Jina langu sikuweka. Nimeweka "Mpenzi wa Elimu, Lavington". Uongo uko wapi? Elimu naipenda, na Lavington nalala.

Jumapili, 8 Aprili

Hawakuisoma. Wamesoma harusi tatu na mtu wa Machakos anayesalimia mbuzi wake.

Jumapili, 15 Aprili

WAMEISOMA!

Naiandika yote, wajukuu waione: "Mpenzi wa Elimu wa Lavington anamsalimu Mwalimu Tobias wa Kinoo, pamoja na mkewe, watoto wake na wote walio chini ya paa lake. Ujumbe: Asante, Mwalimu, kwa moyo wako wa kuwafundisha bure, nyumbani kwako, kila Jumamosi asubuhi, vijana wote waliokosa mtihani. Na asante kwa chai."

Hilo la chai ndilo ninaloringia. Mtu wa Kinoo anaweza kukana mafundisho. Nani atasimama mlangoni, mvua inanyesha, akane chai?

Mtangazaji mwenyewe akaongeza, "Walimu kama hawa ni wachache, wasikilizaji." Nikabingirika kitandani. Mama akauliza ni tumbo?

Jumamosi, 21 Aprili

Kanyiva kaja mbio kuniletea habari, nami namwandika kama alivyosema, maana leo nimemsamehe hata kule kucheka kwake.

Tobias alikuwa amevaa fulana na gambuti, anakwenda zizini. Akafungua mlango akakuta watu wamejipanga kwenye upenu wake. Vijana wa Uthiru, vijana wa kule Kikuyu, msichana mmoja na mtoto mgongoni, na mama mmoja wa Limuru kamvuta mwanawe kwa sikio.

"Mnataka nini?" Tobias akauliza.

"Masomo, Mwalimu."

"Nani kawaambia?"

"Redio, Mwalimu."

Akafungua mdomo. Hapo mzee mmoja, Joash fundi viatu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, Mungu akuzidishie. Siku hizi nani anakumbuka watoto wa wenzake?" Mama wa Limuru akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Tobias akafunga mdomo. Mkewe akatoka kuangalia ni msiba gani, akaambiwa ni chai. Maziwa yote ya asubuhi, yale ya kuuza, yakaingia kwenye sufuria.

Maziwa ya wale ng'ombe niliowakatia majani! Hatimaye yamefika kwa watu.

Jumamosi, 28 Aprili

Nilikwenda kuona kwa macho yangu, na nimerudi na mwiba kooni.

Nilitarajia kumkuta kakonda. Nimemkuta kavaa suti. Ameazima ubao, kauegemeza ukutani pale sebuleni, chaki ya rangi anayo, watu wamekaa mpaka jikoni, na yeye anapita katikati yao kifua mbele, "Karibuni, karibuni, mimi nyumba yangu ni ya watu wote." Chifu kapita kumpongeza. Mtu huyu anapenda sifa kuliko ng'ombe wake wanavyopenda chumvi! Nimemtia kitanzi, naye kakivaa kama tai.

Aliponiona langoni akaja mwenyewe, mwavuli mkononi, akasimama upande wake wa lango.

"Nimekuja darasani, Mwalimu," nikasema. "Nimesikia redioni."

"Hawa," akasema polepole, akionyesha nyuma kwa mwavuli, "walikosa mtihani. Wewe nilikukosesha. Si kitu kimoja."

"Na ile barua yangu?"

"Umeirudia?"

Nikalishika lango.

"Basi," akasema, akalifunga lango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Nimetembea mpaka Kangemi bila kujua kama naloa.

Jumapili, 6 Mei

Kadi ya pili imesomwa, anwani yote, hata nambari ya sanduku la posta. Safari hii nimemsifu kwa mandazi pia.

Pasi ya mama ikasimama. Akaiweka juu ya kibati cha kuiegeshea, akanigeukia.

"Muthama."

"Mwaitu."

"Huyo Mpenzi wa Elimu ana sanduku la posta kama la tajiri wangu."

"Lavington ni kubwa, mwaitu."

"Lavington ni kubwa. Sanduku ni moja." Akaketi juu ya nguo za watu, jambo ambalo halijapata kutokea. "Nimefunga mbwa wa nyumba hii tangu ukiwa unatambaa. Unataka nifukuzwe kazi kwa ajili ya mandazi?"

Nikamweleza yote. Ile barua nyekundu nikaitoa chini ya godoro. Hajui kusoma sana, lakini nne anaijua. Akaishika, akaigeuza, akaishika.

"Alisoma mbele ya watoto?"

"Kwa sauti yangu."

Akainuka, akachukua pasi, akapuliza makaa mpaka cheche zikaruka. "Hakuna kadi nyingine. Na tajiri akirudi, ufunguo wa sanduku uwe mkononi mwangu." Akapiga pasi kola moja mpaka mwisho. "Lakini akirudi. Hajarudi."

Sikuwahi kujua nimemrithi nani. Sasa najua.

Jumatatu, 14 Mei

Posta kuu. Katikati ya barua za benki za tajiri, bahasha nyeupe. Mwandiko wa kujinyoosha.

Nimeisomea kwenye ngazi, watu wa maofisini wakinipita na miavuli. Naitia humu kidogo tu: "Kwa Mheshimiwa Mpenzi wa Elimu, kwa unyenyekevu mkubwa na magoti yangu yakiwa yamepigwa chini..." Magoti! Anamsalimu Mheshimiwa, mke wa Mheshimiwa, watoto wa Mheshimiwa. Anadhani ni bwana mkubwa wa serikali, kwa sababu mtu wa Lavington kwake lazima awe wa nyumba ya mbele. Wa nyumba ya nyuma hawajamwingia akilini. Anaomba Mheshimiwa amtajie neno jema wizarani, apandishwe cheo awe mkaguzi wa elimu. Aje yeye sasa awaulize watoto wiki hii mmejifunza nini!

Halafu hili: "Hata mtovu mmoja wa nidhamu, Muthama wa Mwololo, ambaye kila mtu alimkatia tamaa, nimemchukua katika masomo yangu ya Jumamosi kama mwanangu wa kumzaa."

Nilisimama. Nilikaa tena. Mtu kanifungia lango, halafu ananiuza kama mwanawe.

Nikakimbia mpaka Mtaa wa Biashara. "Mzee, nipe wino mwekundu. Sasa hivi."

Mzee Athman akaisoma yote, midomo ikicheza. Alipofika kwenye magoti, mabega yakaanza kumtikisika. Lakini wino hakunipa.

"Wali ukiufunua kabla haujaiva, mvuke unatoka na njaa inabaki," akasema. "Jina lako liko kwenye orodha?"

"Halipo."

"Basi keti. Barua ya mtu hujibiwa. Tumefundishwa adabu sisi."

Akavuta mashine, nikasema, akapiga, akasafisha pale nilipoteleza. Mheshimiwa amesalimu ukoo mzima. Mheshimiwa amefurahi sana kumsikia huyo Muthama. "Mwalimu hapimwi kwa wapole wake wengi, hupimwa kwa mkaidi wake mmoja. Ningependa kuona jina la kijana huyo kwenye orodha ya mtihani kabla Mei haijaisha." Kuhusu cheo, Mheshimiwa hakuahidi kitu. Kwenye sahihi tukaacha vilevile, Mpenzi wa Elimu.

"Uongo tumesema, Mzee?"

"Wapi? Wewe hutaki kuliona jina lako?"

Jumamosi, 19 Mei

"Muthama mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote?"

Hayo ni maneno ya Tobias, langoni, mwavuli kaniwekea mimi, mvua inamnyeshea yeye. Akaniingiza ndani akinishika bega. Mbele ya Joash, mbele ya mama wa Limuru, mbele ya msichana mwenye mtoto, akaleta ile fomu ya shule, akaandika MUTHAMA MWOLOLO kwa herufi kubwa, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke. Watu wakapiga makofi. Nikanywa chai yake. Kikombe cha pili nikaomba mwenyewe.

Jumamosi, 26 Mei

Hili naliandika kwa hasira: anajua kufundisha.

Leo katufundisha sehemu na asilimia. Kachukua mkate wa jikoni, kaukata mbele yetu, kamwita yule msichana, Syokimau, asimame agawe, na mtu mzima Joash, aliyekuja kusikiliza tu, akasema "Aaa!" kama aliyetolewa jipu. Nami nimeelewa. Kitu nilichokipigia kichwa miaka miwili kimeingia kwa mkate mmoja.

Miaka yote ile mkate huu aliuficha wapi? Sisi tuko majanini, mundu mkononi, na yeye anajua hivi? Kama angekuwa mwalimu mbaya ningeweza kumsamehe.

Alhamisi, 31 Mei

Nimekwenda ofisi ya elimu mjini mimi mwenyewe. Orodha iko ukutani, imefungwa, imepigwa mhuri. Nimelitazama jina langu mpaka askari akaniuliza kama nimepotelewa. Nikamwambia hapana, nimepatikana.

Halafu nikapita dukani. Mzee hakusubiri niseme. Chupa ya wino mwekundu ilikuwa imesimama juu ya kaunta.

Ijumaa, 1 Juni

Nimeisahihisha barua ya Tobias. Mistari huku, alama za kuuliza kule. Kwenye magoti nimeandika "Kweli?" Kwenye "mwanangu wa kumzaa" nimeandika "Ushahidi?" Chini nimeweka maneno yake mwenyewe aliyoniandikia mimi, na ile nne yake kwa kumi, wala sikuongeza la kwangu.

Mama kauliza, "Akienda kumshtakia tajiri?"

"Itabidi aonyeshe barua, mwaitu. Na magoti."

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Jumamosi, 2 Juni

Mvua imekatika. Kinoo yote inatoa mvuke.

Desturi ya Tobias ni kukusanya insha, kuziweka mezani, kuchomoa moja mbaya na kuisoma kwa sauti ili watu wacheke. Leo nimepeleka yangu. Haikuwa yangu.

Akachomoa kutoka juu, akatikisa kichwa. Akachomoa katikati. Akafika kwenye ile karatasi, akaona wekundu umejaa, akadhani kapata ya kuchekesha. Akajikohoza, akapanda kijukwaa chake cha kreti.

"'Kwa Mheshimiwa Mpenzi wa Elimu,'" akasoma kwa ile sauti ya mzaha, "'kwa unyenyekevu mkubwa na magoti yangu yakiwa yamepigwa...'"

Watu wakaanza kucheka. Sauti yake ikaendelea neno moja mbele, halafu ikasimama. Kicheko nacho kikaenda mbele kidogo peke yake, kikafa.

"Endelea, Mwalimu," mama wa Limuru akasema. "Hiyo inapendeza."

Hakuendelea. Nilimwona anaisoma yote, mpaka chini. Shingo ikamjaa damu kutoka kwenye kola kwenda juu. Watu walikuwa wanamtazama yeye. Mimi peke yangu nilikuwa nimeinua kichwa tayari kuitwa.

"Muthama."

"Naam, Mwalimu."

Alishuka kwenye kreti. Akanikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. Nikajua anapiga, na nilikuwa nimeweka mgongo tayari. Badala yake akainama, akaweka kidole kwenye ile nne, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia, "Hata moja ya mwandiko umeninyima?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nimeyapanga msimu mzima. Nikasema moja, kwa adabu zote.

"Rudia, Mwalimu."

Halafu akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa suti, akaenda ubaoni. Chaki ilimvunjika, akaokota kipande.

"Insha ya leo," akasema, mgongo ametupa. Akaandika: BARUA YA HESHIMA KWA MTU ULIYEMKOSEA. "Salamu kwanza. Lililokuleta baadaye. Hakuna kunakili."

Watu wakainamia madaftari. Nilidhani atatoka nje kwa ng'ombe wake. Akavuta kigoda, akaketi pembeni pa meza, akachukua karatasi, akauma ncha ya kalamu. Akaandika mstari, akaukata. Akaanza tena.

Mimi sina niliyemkosea, kwa hiyo nimekaa tu, namtazama. Kalamu nyekundu ninayo mfukoni. Nangoja akusanye.